Mkono wa Mkuu wa Stesheni

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la pombe la kina Ogata, ubavuni mwa mashine inayouza kahawa ya moto ya makopo. Zamani hapa ndipo ilipokuwa stesheni ya Oginosawa. Siku hizi ni kituo cha basi linalopita likijisikia. Reli ilifungwa tungali vijana, mataruma yakang'olewa, ila sisi hatujang'oka. Yupo Lenzi, aliyepiga picha za treni mpaka jicho moja likazoea kufumba. Yupo Ratiba, anayekumbuka saa za treni zote zilizokufa na kusahau siku aliyooa. Nipo mimi, fundi baiskeli. Na yupo Milimita, Bwana Kurashige kwa jina la serikali, ambaye tangu astaafu ualimu anaijenga upya stesheni yetu, kila kitu kimepunguzwa mara themanini, kama ilivyokuwa siku ya treni ya mwisho. Alimwahidi Bi Setsuyo, mjane wa Bwana Kitagishi, mkuu wetu wa stesheni, kwamba ataiona kabla hajahama. Sasa ilibaki siku moja tu Bi Setsuyo ahame, aende kuishi kwa mwanawe Sapporo. Asubuhi hiyo Milimita akaja na sanduku, amekunja uso.

— Haijaisha, alisema kabla hata hajaketi. Bado mkono.

— Mkono wa nani? akauliza Ratiba.

— Wa mkuu wa stesheni.

— Hana mkono?

— Anayo yote miwili. Sijui anyooshe upi.

Hapo tukamwelewa. Kabla ya kuiruhusu treni, Bwana Kitagishi alikuwa akiinyooshea taa ya ishara kidole, glavu nyeupe imenyooka, na kutamka kwa sauti kwamba njia i salama. Alitamka hata kama jukwaani hapana mtu wa kumsikia.

— Wewe nawe unajitafutia presha, alisema Lenzi. Sote utotoni tulikuwa tukimwiga. Si hivi?

Akanyoosha mkono wa kulia. Ratiba, papo hapo, akanyoosha wa kushoto. Wakatazamana.

— Mnaona sasa, alisema Milimita. Hawa ndio mashahidi wangu.

— Picha yangu ya siku ile ipo, alisema Lenzi. Mkono wa kulia, mchana kweupe.

— Picha yako imemnasa kwenye kioo cha dirisha la behewa. Kioo hugeuza.

— Njia ya mwongo ni fupi, akadakia Ratiba.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Ndiyo maana reli yetu waliifunga. Sikilizeni, mimi nawapa hesabu. Siku ile treni ilichelewa kutoka, maana watu walikuwa wanalia. Mkuu wa stesheni treni ikimchelewa anashika saa. Saa inashikwa kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo kidole ni cha kushoto. Mchezo umeisha.

— Umechemka. Saa yake ilining'inia kifuani kwa mnyororo, alisema Lenzi.

— Basi alinyoosha yote miwili. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

— Yote miwili kama anayeogopa polisi? Acha fiksi, mzee.

Lenzi akanywa kahawa, akafikiri, na nikajua linakuja kubwa zaidi.

— Nami nina wasiwasi na jambo jingine, alisema. Yule aliyenisafishia filamu siku zile alikuwa mlevi. Huenda aliigeuza filamu yote. Kulia ikawa kushoto, kushoto ikawa kulia.

Milimita akaweka kopo chini taratibu.

— Unajua unachokisema? Nimejenga kwa picha hiyo. Ikiwa imegeuka, basi choo kilikuwa upande wa pili. Na mto ulikuwa kushoto kwa stesheni, si kulia.

Na watu wazima watatu wakageuka kuutazama mto, kana kwamba wangeukuta umehama. Nikawaambia mto upo palepale, umekuwepo tangu kwa babu zao, na kama kuna mtu anataka kubisha aende akachote maji. Milimita akapumua.

— Hebu fungua sanduku, nilisema. Tunabishania harusi na bibi harusi hatujamwona.

Akalilaza sanduku kwenye benchi, akainua kifuniko.

Ilikuwa ni stesheni yetu. Kwenye upenu zilining'inia figili za mke wa karani wa tiketi, na ya tatu ilikuwa na majani ya manjano. Ndoo ya mchanga wa kuzimia moto ilikuwa na bonyeo lile lililotokana na teke la kaka yangu. Behewa letu moja la dizeli lilikuwa limesimama, na rangi yake nyekundu, ile tuliyozoea kuiita ya mayai ya samaki, ilikuwa imepauka upande wa jua tu. Ratiba alivua kofia na kuinama kuelekea yule mkuu wa stesheni mdogo, ambaye kwa urefu hakufika hata nusu ya kidole changu, kisha akajifanya anakuna kichwa. Hakuna aliyemcheka. Binadamu anaweza kukaa miaka chumbani na kibanio cha chuma na kioo cha kukuzia, akakurudishia asubuhi uliyoizika. Sijui hilo linaitwaje, lakini nililiogopa.

— Ukuta una ufa, alinong'ona Lenzi.

— Ulikuwa na ufa, alisema Milimita.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Ratiba. Huyu kajenga ukuta ili apate pa kuweka ufa.

Tulikuwa tumeinama hivyo, vichwa vinne juu ya sanduku, Bi Setsuyo alipotokea kwenye kona na mfuko wa vijiboksi vya keki za maharage. Alikuwa akipita mlango kwa mlango kuaga, kama ilivyo desturi. Milimita akaruka na kifuniko, lakini bibi alishaona paa.

— Ndiyo yenyewe? aliuliza.

— Haijaisha, Bi Setsuyo. Nisamehe. Bado jambo moja.

— Mimi naondoka kesho, mwanangu.

Milimita akatutazama. Akakiweka kifuniko chini.

Bi Setsuyo alishika magoti, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa jukwaa. Basi lilikuja, likafungua mlango, likaona hakuna anayeligeukia, likaenda zake. Kisha bibi akamwambia yule mtu mdogo, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni kwake jioni:

— Pole na kazi.

Lenzi aligeuka kutazama mashine ya kahawa.

— Bibi, Milimita alisema polepole, alikuwa akinyoosha mkono gani?

— Wa kulia. Nyumbani alikula kwa kushoto, hata mama yake alishindwa kumbadilisha. Akishavaa glavu, kila kitu kulia.

Basi. Ubishi wa asubuhi nzima ukaisha hivyo. Milimita akatoa kibanio, akauinua ule mkono wa kulia na kuugandisha kwa tone la gundi. Sasa stesheni imekamilika, nilidhani. Bi Setsuyo alikuwa bado anaitazama, anazungusha macho, chumba cha kungojea, ngazi, ncha ya jukwaa.

— Na mimi nilisimama wapi? aliuliza.

Tukainama tena juu ya jukwaa kumtafuta.

— Nilikuwepo siku ile. Nakumbuka moshi wa dizeli, na miguu ilivyokuwa baridi. Ila niliposimama hapanijii, na nimejaribu sana. Nikasema nitawauliza ninyi, maana ninyi mnajua yote.

Hakuwa anatukejeli. Alitutazama mmoja mmoja, akingoja. Ratiba, ambaye angekutajia treni ile iliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

— Kwenye picha wewe humo, bibi, Lenzi alisema hatimaye. Hamna mtu yeyote, ila mumeo kwenye kioo. Tulikuwa wapiga picha wengi, na sisi tuna tabia yetu, tunataka treni iwe peke yake, safi. Tuliwapigia watu kelele watoke. Wote wakarudi nyuma.

— Aa, alisema Bi Setsuyo. Kumbe nilirudi nyuma.

— Hatukuangalia ni nani. Tulisema tu, mama, sogea.

— Mlikuwa vijana. Na mliipenda ile treni.

Alisema bila kinyongo, na ndiyo maana ilituuma. Milimita alikuwa amekaa na kibanio mkononi. Mtu huyu hajawahi kubandika hata jani bila picha mbili na shahidi.

— Sijui uliposimama, alisema. Na sitajua.

Akafungua kijikopo cha sanamu zake, akamtoa mwanamke mmoja aliyevaa koti la kijivu, akakielekeza kibanio kwa bibi.

— Weka mwenyewe.

— Mkono wangu hautulii.

Lenzi akasogea, akamshika kiganja kwa mikono yake miwili, kwa utulivu ule ambao alikuwa akiutunzia kamera. Wakakishusha kibanio pamoja taratibu juu ya jukwaa. Hawakumweka nyuma, penye ukuta. Walimweka mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwa Bwana Kitagishi, katikati ya ile picha safi, na bibi akamgeuza mpaka akaelekeana na mumewe.

Milimita akatia gundi.

— Bibi, alisema Ratiba kwa upole, umeipa treni mgongo.

— Najua, alisema Bi Setsuyo.