Fundi Marinda na Jicho Lililosemwa ni la Mbuzi

Ndugu waombolezaji, kabla sijafika mbali, nyie mnaoguna huko nyuma mkiulizana huyu bibi atasoma nini, nyamazeni kwanza, na wewe uliyekwisha kutikisa kichwa kabla hujasikia neno, kitulize, maana haya ninayoyasoma nilikuwepo, sikusimuliwa, na asiyeamini shauri yake. Jana kikao cha familia kiliniomba niseme kwamba marehemu aliuguzwa macho na kaka yetu mkubwa, kisha nikimaliza nimpe kaka mkono mbele yenu, yaishe. Nilisema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Marehemu, mdogo wangu, ambaye wengi mlimwita Fundi Marinda kwa ajili ya sketi za shule alizowashonea mabinti zenu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa tatu na wa mwisho, baada ya kaka yetu, yule pale mstari wa mbele mwenye kofia mapajani, na baada yangu mimi. Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza Novemba 1965, hesabu akipata, imla akikosa, na mwaka 1967 akaingia kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa sokoni, aliyemfanya apige pasi mwaka mzima kabla ya kumruhusu kugusa cherehani. Mwaka 1974 alifungua kibanda chake, kikakua kikawa duka, akapata kazi ya sare za shule, na hakuna msichana wa mtaa huu wa umri ule ambaye hakupimwa kiuno huku akiambiwa asivute pumzi kwa ujanja.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, na mwanamke mpole kuliko alivyostahili, akavaa suti ya kijivu aliyoishona kwa mkono wake, na kwa kuwa uzi wa kijivu ulimwishia siku ya mwisho, mfuko wa ndani akaumalizia kwa uzi mwekundu akisema nani atachungulia. Walijaliwa binti mmoja, huyu hapa, aliyeolewa mbali. Mkewe alitangulia tarehe 2 Februari 1998.

Mwaka 2003 macho ya marehemu yalianza kuingia ukungu, marinda yakaenda kombo, na kufikia mwisho wa 2004 alikuwa haoni ila mwanga wa dirishani. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hapo ndipo kaka alipohamia dukani kumsaidia, akashika funguo, akashika kazi ya sare, akaandika jina lake juu ya mlango, na mwenye duka akakalishwa stoo, juu ya marobota ya vitambaa, kazi yake kutoa vifungo kwenye nguo kuukuu kwa kupapasa. Binti akipiga simu, kaka alimjibu, "Baba yako hajambo, macho ni uzee tu."

Kila Septemba madaktari wa macho wa kujitolea walipiga kambi kwenye shule ya msingi, wakapima na kupasua bure, gari la matangazo likipita mtaa kwa mtaa, na kila Septemba kaka aliwaambia wahudumu waliobisha hodi, "Hapa hakuna kipofu, mdogo wangu anatibiwa kwa daktari wa kulipia." Kisha akaingia stoo akamwambia mgonjwa, "Hao wanang'oa jicho lako, wanakupachika la mbuzi." Mdogo wangu, mtu mzima na akili zake, akaamini, maana aliyesema ni kaka, na sisi tulilelewa kwamba kaka akisema, imekwisha.

Septemba 2009 nilikuja kumsalimia bila kutoa taarifa, nikamkuta binti wa afya mlangoni anadanganywa, nikamwambia, "Mwanangu, kipofu yuko stoo, zunguka huku nyuma." Kaka akafoka, "Wewe, unaingilia nyumba ya watu!" nikamuuliza, "Watu gani?" Nikamshika marehemu mkono tukaondoka, njia nzima analalamika, "Dada, na kama kweli ni la mbuzi?" nikamjibu, "Basi utakula majani, tutapumzika kupika. Tembea."

Tarehe 17 Septemba 2009, katika darasa lililogeuzwa chumba cha upasuaji, baada ya kupimwa presha na sukari, alipasuliwa jicho la kulia, na alitoka kabla sijamaliza chai yangu. Kesho yake asubuhi wagonjwa wamepangwa kwenye benchi na bandeji zao, kaka akafika na wazee wawili wa mtaa, ili aonekane, amevaa suti. Nesi akabandua bandeji, akauliza, "Baba, unaona nini?" Marehemu akatazama, akapepesa, akatazama tena, akasema, "Naona suti yangu ya harusi," suti ambayo aliambiwa imeliwa na panya. Kaka akacheka, akasema jicho bado bichi, linachanganya mambo. Marehemu akamwambia taratibu, "Fungua koti, kaka. Mfuko wa ndani, uzi mwekundu." Hakufungua. Nesi wa watu, hana habari, akanyoosha vidole akauliza vingapi, akajibiwa, "Viwili, mwanangu, ila subiri kidogo, tuna mazungumzo."

Binti yake alifika kwa basi, funguo zikarudi mbele ya mashahidi, jicho la pili likapasuliwa mwaka uliofuata, na marehemu akashona miaka mingine kumi na moja. Kila Septemba alipanda gari la matangazo, akakaa juu na sindano na uzi, akiwapigia kelele waliojificha ndani na wazee wao, "Tokeni mlione jicho la mbuzi linavyotunga uzi! Meee!" na watoto wakamwitikia, na vipofu wakatolewa majumbani. Lakini kaka, marehemu hakumshonea hata kifungo. Kaka alipopita barabarani, marehemu alisimamisha cherehani, akamtazama, mpaka kaka akaanza kuzungukia mtaa wa nyuma.

Machi 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa tarehe 28 Mei, akafariki tarehe 3 Juni 2021 asubuhi. Siku mbili kabla, kaka alikuja kitandani kuomba msamaha, nami nilikuwepo. Marehemu alimtazama sana, akasema, "Nakuona," akageukia ukutani. Sasa mnataka mimi nitoe mkono ambao yeye mwenyewe aliuzuia mpaka mwisho, niutoe kwa idhini ya nani?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, madaktari wa macho waliokuja bila kuitwa, yule binti wa afya aliyezunguka nyuma, dereva wa gari la matangazo, majirani, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo. Yupo mmoja hapa anayesubiri kutajwa. Sijamsahau, akili yangu nzima.

Pumzika, mdogo wangu, kwa amani uliyoitolea jasho. Na nyie wazee, nawaona mnavyojikusanya mje kutupatanisha, nawe kaka umeshanyanyuka umenyoosha mkono, ushushe, utachoka. Mimi natangulia makaburini. Mlango huu naufunga nyuma yangu, na mwenye neno la yaishe amalizane nalo humohumo ndani.