Mwanangu Aliyekufa Mara Arobaini na Moja

Mheshimiwa Padri wetu, Der Ghevont. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wakulima wa Zabibu hapa Fresno, Bwana Dikran Pashayan. Waheshimiwa wazee wa kanisa. Ndugu wageni waalikwa mliokuja kutoka Los Angeles na magari yenu marefu. Akina mama wenzangu mliokunja sarma, wali ndani ya majani, tangu alfajiri hadi vidole vikanuka majani ya mzabibu. Na wewe Zaruhi, mke wa shemeji yangu, uliyekaa mbele kabisa ili usikie vizuri nikikosea: nawasalimu wote.

Kadi ya mwaliko inasema tumekuja kumuaga mwanangu Onnik Semerjian, mwigizaji wa filamu na televisheni, anayestaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Kadi nzuri, ina maua pembeni. Lakini mimi mama yake sikuulizwa, na ninasema mapema asije mtu akadai nimemvizia: kadi hii siikubali. Nimesimama hapa kuipinga. Chakula nitakula.

Mimi nilisoma madarasa manne tu. Hotuba hii nimeiandika mwenyewe kwa penseli. Mpwa wangu alipotaka kuinyoosha nilimnyang'anya karatasi, kwa sababu akinyoosha yeye atanisifia mwanangu kidogo.

Nani hapa hamjui Onnik kwenye kioo? Amekuwa Mgiriki, amekuwa Mwitaliano, amekuwa jambazi wa Meksiko, amekuwa shekhe wa jangwani mwenye kilemba kinachomwangukia machoni. Amekuwa kila taifa isipokuwa letu. Na kila alipotokea, watu waliacha kumtazama yule nyota mwenye meno meupe wakatazama nyusi za mwanangu. Nyusi hizo nilimpa mimi, si studio.

Zaruhi aliwahi kuniambia kwenye foleni ya mkate, "Aghavni, mwanao kwenye picha nzima ana dakika tatu tu!" Nikamwambia, "Shoga yangu, chumvi nayo ni kidogo kwenye chungu. Hebu pika bila hiyo."

Ndugu zangu, mnaikumbuka picha yake ya kwanza? Tulikwenda sinema ya mjini watu sitini, tumevaa nguo za Pasaka. Mama mkwe wangu, marehemu Nartuhi, alikuwa hajawahi kuona picha inayotembea. Onnik akatokea juu ya farasi, tukapiga makofi. Akapigwa risasi, akaanguka. Mama mkwe akatoa ukelele uliomfikia hata mkata tiketi nje, akajifunga kitambaa cheusi, akaondoka kabla picha haijaisha. Tulipofika nyumbani, chungu cha pilau ya matanga kilikuwa tayari jikoni, na majirani wameshaanza kuingia wakisema, "Mungu aiangaze roho yake." Ungemwambia nini? Alikuwa amemwona mjukuu wake akifa kwa macho yake mwenyewe!

Jumapili Onnik mwenyewe akashuka kwenye basi, njaa inamuuma, akakuta uani watu arobaini wanakula. Akaketi, akamaliza sahani mbili, ndipo akamnong'oneza jirani yetu Vahram, "Samahani mzee, nani amefariki?"

Vahram hakuinua hata kichwa. "Wewe. Ongeza pilau."

Tangu siku ile ikawa desturi yetu: Onnik akifa kwenye picha, tunapika. Padri hapo mwanzo alikasirika, akasema matanga hayafanyiwi mzaha, lakini mwaka wa pili alikuwa akinisimamisha mlangoni mwa kanisa, "Mama Onnik, kijana anakufa lini tena?" Ilipokuja televisheni mambo yakazidi, akawa anakufa Jumanne, anakufa tena Alhamisi, mchele ukawa unatuishia. Ndiyo maana najua idadi bila kuuliza studio. Ni pilau arobaini na moja.

Na alijua kufa, jamani! Mwongozaji mmoja alimpigia kelele, "Semerjian, kufa upesi, jua linazama!" Akafa upesi, na bado watu wakalia. Hakuwahi kumzibia mwenzake kamera. Vijana walioanza kazi aliwafundisha kuanguka bila kuvunja kiwiko, wengine wao leo ni nyota, na wawili wamekaa pale wakimalizia basturma yangu, nyama niliyoikausha mwenyewe.

Waandishi wa magazeti humuuliza alijifunza wapi. Yeye hucheka, hutaja jina la mwalimu fulani. Leo nitasema mimi. Huko tulikotoka, alipokuwa na miaka saba, nilimlaza shimoni kando ya njia, nikamwambia, "Mwanangu, jifanye umekufa. Usipumue hata inzi akitua jichoni mwako." Inzi alitua. Hakupumua. Wale watu waliokuwa wakituua wakapita. Huyo ndiye mwalimu wake wa kwanza, amesimama mbele yenu na penseli mkononi.

Basi, sasa nije kwenye neno lililonileta.

Wiki mbili zilizopita simu ililia nyumbani, Onnik akiwa shambani. Ilikuwa studio. Wanataka mtu wa kuwa babu mwenye duka la viatu, kwenye mchezo wa televisheni wa kila wiki, na wanamtaka afike kwao na jibu Jumatatu hii inayokuja saa tatu asubuhi, la sivyo watamchukua mwingine. Nikauliza swali moja tu: "Huyo babu anakufa lini?" Bwana yule akacheka. "Hafi, mama. Tunamhitaji wiki zote ishirini na sita." Nililia bila sauti nikiwa nimeshika simu, mpaka akadhani laini imekatika.

Nilipomweleza Onnik, akaniambia, "Mama, nimeshatangaza kustaafu, narudi kwenye zabibu." Zabibu? Huyu ambaye juzi alimuuliza mdogo wake zabibu kavu kwenye trei zinageuzwa kwa nini! Nikambana, akasema ukweli: "Mama, mimi najua kufika dakika ya ishirini. Nikivuka hapo bado niko hai, sijui mikono niiweke wapi."

Iweke mfukoni, kama watu wengine!

Wageni waalikwa, mimi nina miaka themanini. Nimemwona mwanangu akipigwa risasi, akizama, akiliwa na mamba wa mpira. Je, ni kosa kutaka, kabla sijaondoka, kumwona mara moja akifika mwisho wa hadithi akiwa hai, amekaa dukani kwake, anamfokea mteja?

Onnik mwanangu, usiangalie sahani, niangalie mimi. Unasema huwezi. Lakini karatasi za mchezo walizokutumia hukuzirudisha. Alhamisi nilipita kando ya ghala, mlango ulikuwa wazi kidogo, nikakusikia. Ulikuwa unasema maneno ya yule babu. Ulimfokea mteja, ukambembeleza mjukuu, ukasahau, ukarudia. Nilisimama pale na ndoo yangu mpaka miguu ikafa ganzi. Ulisoma hadi ukurasa wa mwisho, Onnik. Nilikuwa nasikiliza. Hukufa.

Kwa hiyo ndugu zangu, kama mlikuja kumstaafisha, mnisamehe, mmekuja kumsindikiza. Studio nimeshawaambia atafika. Gari la Bwana Dikran litakuwa mlangoni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na atakayempa mwanangu udhuru atajibizana na mimi.

Nawashukuru kwa kunivumilia, nawashukuru waliopika, hata Zaruhi namshukuru. Asanteni kwa kumsikiliza mama. Onnik, inuka uwajibu watu, na ukae umesimama mpaka umalize.