Siku Baragumu Aliponyamaza

Kijiwe cha klabu ya bunduki ya Pickerel Ridge hakina makuu: benchi moja la mbao za reli lililoegemezwa ukutani, upande usiopigwa na upepo, na mbele yake pipa la mafuta lililogeuzwa meza. Juu ya pipa kuna birika la umeme lililobonyea ubavuni, waya wake umepitishwa dirishani. Wiki ya mwisho kabla ya msimu wa kulungu, nusu ya wilaya huja kunyoosha darubini za bunduki zao, na nusu ya hiyo nusu huishia pale benchini kunyoosha maneno. Siku hiyo walikuwa watatu. Alikuwepo Verlyn Kvale, dalali wa mnada wa ng'ombe, ambaye kwa lile koo lake watu wote walimwita Baragumu. Alikuwepo Gene Sobczak, yaani Wakili, aliyeitwa mara moja tu mahakamani kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajashuka kwenye kiti. Na alikuwepo Arlys, Mama Pai, mwoka pai za tufaha, ambaye kwa shabaha aliwashinda wote wawili hata akiwa na mafua. Wamekaa, wanakunywa kahawa, na hakuna anayemtazama mwenzake.

— Kahawa leo chungu, alisema Wakili.

— Ni ileile ya wiki jana, Mama Pai akamjibu. Mdomo wako ndio mchungu.

Honi ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwa Baragumu kwa kamba, na kila alipojaribu kuinama aifikie kahawa yake, ilimgonga kifuani.

Jambo lenyewe lilikuwa limetokea muda si mrefu. Pale klabuni honi ndefu ikilia, mstari umelala, yaani ufyatuaji umesimama: komeo la bunduki linabaki wazi, kijibendera cha njano kinachomekwa mahali pa risasi ili kila mtu aone kuwa hamna kitu, wote wanarudi nyuma ya mstari mwekundu, na bunduki haiguswi hata kama inaungua moto. Ndipo watu hushuka kwenda kubandika karatasi za shabaha. Asubuhi hiyo zamu ya honi ilikuwa ya Baragumu. Alipiga, mstari ukalala, watu wakashuka na kurudi, akabaki mmoja tu kule yadi mia: mgeni, Corinne Dufek, dereva wa basi la shule, aliyejiunga siku hiyohiyo, akihangaika na stepla iliyokwama. Mara Mzee Torvald Rustad akavuka mstari mwekundu, akaenda mezani, akainua bunduki yake, akaweka jicho kwenye darubini. Mdomo wa bunduki ukaelekea kule aliko yule mama.

Huyu Mzee Rustad ndiye waliyemwita Kanuni. Yeye ndiye aliyewafundisha wote watatu, na sheria zilizobandikwa ukutani ni za mkono wake. Ya kwanza inasema yeyote, hata aliyejiunga leo, akiona hatari apaze sauti: Sitisha! Baragumu aliona, na honi alikuwa nayo mkononi. Hakuipiga. Wala Wakili na Mama Pai hawakutoa hata kikohozi. Mzee akaishusha bunduki, akarudi nyuma polepole, mgeni akamaliza kubandika, akapanda. Ufyatuaji ukaendelea mpaka mapumziko, kana kwamba hakuna kilichotokea.

— Alikuwa anamsaidia, alisema Wakili hatimaye. Alitaka kumwangalizia matundu yake.

— Kuna darubini ya klabu pale, ya miguu mitatu, Mama Pai akasema. Kazi yake ni hiyohiyo ya matundu.

— Ile ina ukungu.

— Nimeifuta mwenyewe leo asubuhi.

— Basi ukungu uko kwenye macho ya mzee. Wahenga walisema, jungu kuu halikosi ukoko.

— Huo msemo si wa macho, we naye!

— Kwani ukoko haugandi? Na mtoto wa jicho je, hagandi? Msemo ni uleule.

Siku nyingine Baragumu angecheka mpaka benchi likatikisika. Leo aliishia kuizungusha honi kwenye kamba yake.

— Mimi nasema hivi, Wakili akaendelea, akijiweka vizuri. Je, tuna hakika aliigusa? Jua lilikuwa machoni.

— Jua gani? Kuna mawingu tangu Jumanne.

— Mawingu nayo yana mwanga wake, Mama Pai. Tena mbaya zaidi.

— Aliigusa, Baragumu akasema.

— Sawa, aliigusa. Turudi kwenye sheria. Ukutani pameandikwaje? "Mwanachama haruhusiwi kugusa bunduki mstari ukiwa umelala." Mwanachama! Sasa Kanuni ni mwanachama? Hapana. Kanuni ni mwanzilishi. Hii klabu ameijenga yeye. Kisheria mtu wa namna hiyo anahesabiwa pamoja na jengo. Utalishtaki jengo?

— Jengo halishiki bunduki, Mama Pai akasema.

— Na kabati la bunduki linashika nini? Maharage?

Mama Pai alitaka kucheka, akajizuia, akamwongezea kahawa ili tu mikono yake ipate kazi.

— Halafu, Wakili akasema, akiwa amenogewa, kwani mstari ulikuwa umelala kweli? Mstari umelala watu wote wakiwa nyuma. Mgeni alikuwa bado kule. Kwa hiyo mstari ulikuwa unasinzia tu. Na mtu akisinzia hahesabiwi kuwa amelala, hata kwenye ndoa.

— Acha zako, bwana.

— Nakwambia! Na nani aliyeufanya mstari usilale vizuri? Mgeni! Kubandika karatasi moja kama anapaka rangi kanisa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Kaja leo, Wakili.

— Basi angepewa jembe leo. Angekuwa ameshapanda zamani.

Hapo Mama Pai aliweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamrukia kidoleni.

— Sasa kosa tunamtupia mgeni? Yule mama alikuwa amewapa mgongo, mikono yake yote miwili iko kwenye stepla. Kosa lake nini, kuwa na mgongo?

Wakili alikuna goti, akatazama mbali kuelekea kwenye misonobari, akawa mtu mzima ghafla.

— Na Duane? Baragumu akauliza.

Swali hilo hawakulitaka. Duane ni fundi bomba. Mwaka jana, mstari ukiwa umelala, alinyoosha kidole kufunika kioo cha darubini yake kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Kidole kimoja tu, na hata bunduki haikusogea. Baragumu alipiga honi ile mpaka mabata wakaruka ziwani, kisha akamalizia kwa koo lake la mnadani: "Toa mkono, mpumbavu wewe!" Kanuni akaja, akachukua kadi ya Duane mbele ya mkwewe. Msimu mzima Duane hakuwinda na klabu, na mpaka leo akikutana nao dukani huinamisha kichwa.

— Duane alikuwa tofauti, Wakili akasema.

— Tofauti vipi?

— Duane alikuwa... Duane.

— Ndiyo maana nakuuliza. Tofauti vipi?

Wakili alitafuta methali, hakuipata. Akashika lile alilobaki nalo.

— Angalau bunduki ya mzee ilikuwa tupu. Hilo hatubishani. Kanuni kuacha risasi ndani ya bunduki? Jua litachomoza magharibi kwanza. Kuinua bunduki tupu ni kuinua fimbo. Fimbo ya mbali haiui nyoka!

Baragumu alihisi uso unamwaka, ingawa pumzi yake ilikuwa inatoka mvuke. Alikuwa anajua jambo wenzake wasilolijua, na alikuwa amelikalia pale benchini kama mtu aliyekalia mwiba. Mgeni aliporudi na yeye akapiga honi fupi ya kuuamsha mstari, macho yake yalikwenda yenyewe kwenye meza ya mzee. Kijibendera cha njano hakikuwepo. Kanuni alivuta komeo, risasi nzima ikaruka, shaba yake inang'aa, mzee akaidaka kiganjani na kuitia mfukoni. Kisha akainua macho, yakakutana na ya Baragumu. Baragumu ndiye aliyeangalia pembeni.

— Ilikuwa na risasi, akasema.

— Nini?

— Ndani ilikuwa na risasi. Niliiona ikitoka.

Mama Pai alijishika mdomo. Wakili alibaki na kikombe hewani, hakunywa wala hakukiweka chini.

— Umeiona kwa macho yako?

— Kama ninavyokuona wewe. Na yeye anajua nimeiona.

— Na hukupiga honi? Mama Pai akauliza, kwa sauti ndogo.

— Sikupiga.

— Lakini honi ilikuwa...

— Mkononi, Arlys. Ilikuwa mkononi. Nilimwonea haya mzee. Nikawaza atakavyogeuka kunitazama, mimi aliyenifundisha hata kuvuta pumzi kabla ya kufyatua. Nikasema moyoni, ataishusha tu. Maisha yangu yote nauza ng'ombe, na leo kwa kuogopa jicho la mtu mmoja nikamuuza yule mama.

Hakuna aliyemfariji, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangemtukana. Maana wao pia walikuwa na makoo, na sheria ya kwanza haikusema lolote kuhusu honi.

— Mimi nilidhani wewe utapiga, Mama Pai akasema. Nikakusubiri wewe.

— Na mimi nilimsubiri Mama Pai, Wakili akasema. Umbeya wote nafanya mimi, lakini ujasiri ni wake.

— Basi kadi ya mzee ichukuliwe, Baragumu akasema. Kama ya Duane.

— Ichukuliwe na nani?

— Wewe si Wakili?

— Na wewe si mwenye honi? Mimi nilihukumu mbuzi tu, kaka. Mama Pai angeweza kumwambia taratibu, na kipande cha pai juu yake.

— Kwa hiyo pai yangu ndiyo imwambie mzee kuwa almanusura aue mtu?

— Ile ya mdalasini inaweza.

— Koma, Gene.

Mlango wa jengo ukafunguka. Kanuni akatoka na kikombe kitupu, akiwa amevaa kofia ya rangi ya chungwa, kama kila mtu pale klabuni msimu wa mawindo. Tangu asubuhi alikuwa amezeeka. Wote watatu wakasogea kumpa nafasi, wakasogea kupita kiasi, hata nafasi ikabaki kubwa ya kukalia watu wawili.

— Kahawa ipo? akauliza.

— Ipo, mzee. Ipo kabisa, Wakili akasema, akaliinamisha birika kabla hajaombwa.

Mzee akaketi, akapuliza kahawa, akatazama magoti yake. Baragumu aliyapanga maneno kichwani: "Mzee Rustad, naomba kadi yako." Maneno matano tu, mtu yeyote angeyamudu. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena. Alikuwa bado anayapanga aliposikia viatu kwenye changarawe.

Alikuwa Corinne, kofia yake mpya bado ina mkunjo wa dukani, karatasi ya shabaha ameikunja kwapani.

— Hamjambo? Samahani kuwakatiza.

— Hatujambo dada, karibu kahawa, Mama Pai akasema, haraka mno.

— Ahsante, sikai. Nina swali dogo tu. Naogopa ni la kijinga.

— Maswali ya kijinga hapa ndiyo kwao, Wakili akajitahidi kuchekesha.

— Darasa la asubuhi nimelielewa lote. Komeo, kijibendera, mstari mwekundu, honi. Ila kuna kipengele nadhani mlikiruka, au mimi sikusikiliza vizuri. Nilipokuwa kule chini na ile stepla, niligeuza shingo nikaona mtu yuko mezani ameinua bunduki, imeniangalia mimi. Sikumtambua, kofia zenu zote rangi moja. Nikatazama nyuma yake nikawaona na wengine mmesimama mmetulia tu. Nikasema, kumbe labda wakubwa wanaruhusiwa, ni sheria ambayo sijaifikia. Sikutaka kupiga kelele siku ya kwanza nionekane mshamba.

Alicheka kidogo, kwa kujicheka mwenyewe. Hakuna aliyecheka naye.

— Sasa wiki ijayo namleta binti yangu. Ana miaka kumi na miwili, ametaka kuwinda tangu babu yake yuko hai, na hapa kila mtu ameniambia ndipo mahali salama kuliko pote. Nataka nimfundishe kabla hajafika, asije akaniaibisha. Mtu akiwa kule chini, akaona bunduki imeinuliwa imemwelekea, anatakiwa alale au akimbie?

Mama Pai aliangalia ndani ya kikombe chake. Wakili aliinua kidole kama kawaida yake anapotaka kutoa hukumu, kidole kikakaa hewani, kisha akakirudisha polepole mapajani. Baragumu alifungua mdomo. Lile koo linalouza fahali mpaka shamba la tatu likasikia, halikutoa kitu, na aibu ilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Angependa yule mama amtukane. Angependa kila kitu isipokuwa ile adabu yake.

Corinne aliwatazama mmoja mmoja. Hakuelewa kwa nini swali dogo hivyo limewawia zito. Kisha akamgeukia aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale benchini, na sauti yake ikawa ya heshima zaidi.

— Labda wewe, mzee. Wameniambia sheria zote za hapa uliziandika wewe.

Kanuni alikiweka kikombe chake juu ya pipa. Corinne akavua kofia, akasogea karibu ili amsikie vizuri, akasubiri ajibiwe.