Mkaguzi wa Viwanja vya Kona

Ijumaa hii Mzee Futi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua majengo ya manispaa. Jina hilo tulimpa sisi vibarua kwa sababu ya futi kamba isiyobanduka kiunoni mwake, na wakubwa nao wakalizoea.

Alianza akiwa mwashi, akasoma, akawa mkaguzi. Vita vyake vilikuwa viwanja vya kona. Nyumba ya kona ina nyuso mbili, kwa hiyo hakuna barabara inayogeuziwa choo. Na pembe yake hurudishwa nyuma hatua tatu, ili anayekuja huku amwone anayetoka kule. Wenye viwanja waliiita kanuni hiyo wizi.

Kwa wabishi alikuwa na dawa. Muuza vitambaa mmoja, aliyekwisha kuinua ukuta hadi ukingoni, alipewa toroli la mchanga azunguke nalo kona mbio. Mimi nikatumwa nitokee barabara ya pili na langu. Tuligongana, akakaa mchangani na suti yake.

"Haya, shemeji, ulimwona?" Mzee akauliza.

"Ningemwonaje na ukuta wote huu?"

"Mimi nimeuliza tu."

Ukuta ulivunjwa wiki ile ile, na tajiri mwenyewe akatununulia soda.

Sasa niseme linaloniuma. Manispaa yenyewe inajenga maduka kwenye kona ya shule ya msingi, na nondo za nguzo zimesimamishwa ukingoni kabisa, ati lipatikane duka moja zaidi. Mtoto atavuka pale asilione lori. Mzee alikataa kutia saini. Wakamwambia umri umekwenda, apumzike, kisha wakapanga zege limwagwe Jumatatu, yeye akiwa nyumbani. Na ndio hao hao watakaompa saa ya ukutani na kusifu uadilifu wake! Tuliambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kumbe wa ofisi hii una meno upande wa raia tu.

Mimi kwetu ni mbali. Wanangu hawasomi shule ile. Lakini watoto wanaopita pale asubuhi wana wazazi.

Asante, Mzee wetu, kwa ukali wako na utani wako. Zege la Jumatatu tumepangiwa sisi, na tumeshakubaliana: nguzo ile haipati hata koleo moja mpaka irudishwe nyuma. Wakitaka, watufukuze. Mungu akupe afya na uzee wenye raha. Nenda kalale, Mzee. Jumatatu tupo.