Jiko la Gesi ya Samadi la Akina Mama wa Nyarukaza

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya,

Katika baridi hii ya nyanda zetu za juu, vijidudu vya shimo la samadi vikifa, vipya huchukua muda gani kuzaliana? Swali hili tumelijadili sana, na jibu hatuna. Tunalitanguliza ili uelewe utakayoyaona leo.

MAKARIBISHO
Karibu Nyarukaza. Tunaijua barabara ya Kasulu na vumbi lake. Ungeweza kutuma mtu. Umekuja mwenyewe, nasi tunashukuru.

HISTORIA
Kikundi chetu kilizaliwa kwa ajili ya zahanati. Mama mjamzito wa hapa huenda kujifungua na mzigo wake wa kuni kichwani, maana bila kuni muuguzi wetu, Ndugu Tunu, hana maji ya moto wala vyombo vilivyochemshwa. Mwenzetu aliyeko Chuo Kikuu, anayeisoma risala hii, alitueleza kwamba ndani ya tope la samadi, mahali pasipofika hewa, huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hula samadi na kutoa gesi iwakayo. Tukachimba shimo, tukalifunika kwa pipa, tukavuta gesi kwa mpira hadi kwenye jiko.

Mzee Leonidasi alituuliza, "Mavi ya ng'ombe yaivishe maharage? Hayo mtakula ninyi na msomi wenu!"

Mwenyekiti wetu, Mama Maximilla, akamjibu, "Na migomba yako inakula nini, baba? Mbona ndizi unazimeza?"

MAFANIKIO
Jiko liliwaka. Maharage yaliiva bila moshi, na Mzee Leonidasi akaomba sahani ya pili. Tope lililotumika tulilipeleka migombani.

LILILOTUPATA
Habari za ujio wako zilifika kabla msomi wetu huyo hajarudi kwa likizo. Kwetu mgeni hapokewi penye uchafu. "Mkuu wa Wilaya aje anuse haya?" alisema Mama Maximilla, na sote tukaona ana haki. Tulilikomba shimo, tukasugua kuta kwa majivu na sabuni ya mawese, tukamwagia maji ya moto, kisha tukatia samadi mpya. Shimo liling'aa. Vijidudu vilikwisha, na jiko limezimika hadi leo.

OMBI NA UAMUZI WETU
Tunafahamu kuwa ziara hii ndiyo itakayoamua kama saruji iliyopo wilayani itajenga mtambo wa pili, pale zahanati, au itakwenda kijiji kingine. Tunaiomba saruji hiyo. Tunaomba pia mtaalamu wa kutufundisha kuutunza mtambo.

Tulishauriwa tufiche utambi wa mafuta ya taa chini ya jiko, ili uone moto. Jana tulibishana. Mwenzetu Esteri, ambaye siku zake za kujifungua zimekaribia, alisema, "Uwekeni tu, jamani. Kuni nitabeba mimi, si ninyi." Hakuna aliyemlaumu. Lakini mtambo wa zahanati ukijengwa kwa kuuamini utambi, bila mtaalamu wa kutufundisha, utazimika kama huu, mama akiwa kitandani.

Mungu akufikishe salama kwa watu wako, na aijalie wilaya yetu mvua za kutosha.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumeamua hivi: utambi hatuweki. Utaonyeshwa jiko likiwa baridi. Na kuni za Esteri tutazibeba sisi.

Kikundi cha Akina Mama wa Gesi ya Samadi,
Kijiji cha Ujamaa Nyarukaza, Julai 1977.
Imesomwa na Pelagia Bazilio.