Magoti ya Mama Yudith

Mwaka 1956, katika basi la kutoka Iringa, Mama Yudith wa Nyololo alimsimulia jirani yake wa kiti, mfanyabiashara aitwaye Mzee Bushiri, jinsi tabibu wa Kihindi alivyomtibu magoti. "Siku saba alininywesha samli, akanikanda mafuta ya ufuta ya moto, akanifukiza. Kisha dawa ya kuharisha. Baba, nilitoa hata ugali wa mwaka juzi!" Kiti cha nyuma yao, mimi nilizamisha uso kitabuni nisicheke.

"Ufuta hata mimi nauza," alisema Bushiri. "Kilichokuponya ni wiki tatu za kukaa kwa tabibu bila kushika jembe."

"Basi hata dawa hiyo Eliezeri hajanipa tangu anioe."

Bushiri alicheka, lakini hakukubali. "Siku ile ya kwenda kutibiwa ulipandaje basi?"

"Nilibebwa kama gunia."

Tulipofika Nyololo, Eliezeri alikuwa akimngoja na baiskeli, mto umefungwa kwenye keria. Mama Yudith alishuka peke yake, akaweka mzigo wake juu ya mto ule, akatangulia kupanda kilima. Nilitamani kupiga makofi, nikakohoa tu.

"Ni mapumziko hayo!" Bushiri alipaza sauti dirishani.

Mama Yudith hakugeuka. Nyuma yake Eliezeri alisukuma baiskeli, akimsihi amsubiri.