Mbwa Asiyejua Jiwe

Wasikilizaji wapendwa, tumezika wengi mwaka huu, na leo tena tumo msibani. Mzee Silima Usi wa Kitogani hatunaye. Alikuwa msasi. Yeye na mbwa wake waliwasaka nguruwe mwitu wanaokula mihogo ya watu.

Mbwa wake walikuwa wa kienyeji. Wembamba, waoga, wenye makelele. Mbwa wa kwetu hubweka kwanza, na ukiinama tu kama unayeokota jiwe, keshakimbia. Nani asiyejua hayo hapa Unguja?

Mwaka wa hamsini na nne, miaka sita sasa, Mzungu mmoja wa Kizimbani alirudi kwao, akamwachia Mzee Silima mbwa wa Kizungu, Reksi. Mkubwa, masikio yamesimama. Huyu hakuwa na makelele. Alikutazama tu. Na maishani mwake hakuwahi kurushiwa jiwe.

Siku moja jirani wa Mzee Silima, Bwana Msabah, alikuja kumjulia hali. Reksi akasimama. Msabah akainama kuokota jiwe, kama tufanyavyo sote. Reksi akadhani bwana wake atapigwa. Akamrukia Msabah, akamng'ata mkono, akang'ang'ania.

Wasasi wenzake Silima wakakata shauri: ama mbwa auawe, ama Silima atoke msakoni. Mzee Silima akawajibu, "Nshachoka na maneno. Kila mbwa na tabia yake, kama sie." Akatoka msakoni.

Alikiona cha moto. Bila wenzake, mbwa wake wa kienyeji hawakufua dafu, na nguruwe waliingia shambani kwake watakavyo. Reksi hakuwa mbwa wa kusaka. Alikuwa mbwa wa kulinda mtu. Mkewe, Bi Mwanakheir, anasimulia: "Mihogo inaliwa, na yeye kalala miguuni pa bwana wake. Nkamwambia mume wangu, mbwa huyu atatuua kwa njaa. Akanambia, 'Ntafanyaje, Mwanakheir? Kanichagua mie.'"

Juma lililopita, wakati wa kumtoa maiti, Reksi alilala mlangoni. Hakubweka. Hakuna aliyethubutu kusogea. Ndipo Bi Mwanakheir, ambaye hajapata kugusa mbwa, akamkumbatia shingo, akamvuta kando. Jeneza likapita. Reksi akamlamba mikono, akamlamba na uso. Mate ya mbwa, mnajua, huoshwa mara saba, na moja kwa udongo. Bi Mwanakheir hakuinuka kwenda kujiosha mpaka watu waliporudi kutoka makaburini.

Bi Mwanakheir, pokea rambirambi zetu, wewe na watu wote wa Kitogani. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Silima. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tutazame majumbani mwetu: ni nani tunayemdai tabia asiyozaliwa nayo?